Msindikize Hadi Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Unyanyapaa wa Magonjwa ya Akili na Kumsaidia Mtu Atafute Tiba

Dada yangu alikaa miezi minane bila usingizi wa kueleweka. Mwanzoni tulisema amechoka. Baadaye tukasema anadeka. Baadaye zaidi hatukusema kitu, tukawa tunanong'ona na kunyamaza akiingia. Katika miezi hiyo aliambiwa mara nyingi aende hospitali. Tulimwambia kwa upole, kwa ukali, na mama alimwambia kwa machozi. Hakwenda. Siku aliyokwenda hakukuwa na hotuba yoyote. Jirani yetu, mama mtu mzima, alimwambia: "Mwanangu, Jumanne asubuhi nakuja kukuchukua. Tutakwenda wote, tutakaa kwenye foleni wote, na tukifika mlangoni ukitaka turudi, tutarudi wote." Wakaenda. Wakafika mlangoni, akaingia.

Mwongozo huu umetokana na Jumanne ile. Unyanyapaa hufanya kazi yake kubwa katika umbali mfupi sana, kati ya mtu kujiambia "nahitaji msaada" na mkono wake kugusa mlango wa chumba cha daktari. Watu wengi hukwama hapo kwa miaka. Kila hatua ninayoeleza hapa naipima kwa swali moja: je, inaufupisha umbali huo?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Hao ni watu wapatao milioni 970. Kwa hiyo usijiulize kama unamfahamu mtu wa namna hiyo. Unamfahamu. Jiulize kama yeye anaona anaweza kukuambia.

Hatua ya 1: Usikilize mdomo wako kwa wiki moja

Chukua daftari au simu, na kwa siku saba uandike kila unaposema au kusikia maneno haya: kichaa, chizi, mwehu, punguani, wazimu, hamnazo. Usimkosoe mtu, andika tu. Utaona kwamba mara nyingi hayamhusu mgonjwa yeyote. Yanamhusu dereva aliyekata kona vibaya, timu iliyofungwa, mtoto aliyepanda mti mrefu. Lakini hapo mlipo anaweza kuwepo mtu ambaye usiku wa jana alisikia sauti ikimwita na hakukuwa na mtu. Anawasikiliza, na moyoni anapiga hesabu: nikiwaambia hawa, nitaitwa jina gani?

Wiki ikiisha, badilisha machache. Taja ugonjwa kama ugonjwa: ana sonona (huzuni nzito isiyoondoka), anaishi na skizofrenia (ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), ana bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), anaumwa. Usimgeuze mtu kuwa ugonjwa wake. Aliyejaribu kujiua akabaki hai amenusurika. Ukisema "alishindwa", umekifanya kifo kuwa mtihani wa kufaulu.

Hata hivyo usijifanye polisi wa lugha. Bibi anayesema mjukuu wake "ana wazimu" huku akimwogesha, akimlisha na kumpeleka kliniki kila mwezi ana unyanyapaa mdogo kuliko msomi anayesema "changamoto za afya ya akili" na kumnyima mtu chumba cha kupanga. Kwa bibi huyo inatosha kusema, "Bibi, siku hizi tunasema anaumwa," kisha umsaidie mzigo.

Lugha hufunga mlango, na lugha pia huufungua. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili nchini Zimbabwe, alianza kazi na bibi 14 wa Mbare, mjini Harare, waliofundishwa kuwasikiliza watu wakiwa wameketi kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Mwanzoni liliitwa benchi la afya ya akili, na watu hawakutaka kuonekana wamelikalia. Bibi wenyewe ndio waliosema jina libadilishwe. Likawa Benchi la Urafiki. Badala ya kutaja sonona walizungumza juu ya *kufungisisa*, neno la Kishona lenye maana ya kufikiri kupita kiasi. Matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi 6, waliosaidiwa kwa njia hiyo walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Kiswahili nacho kina neno lake, "mawazo". Mtu asiyeweza kutamka "nina sonona" husema bila aibu, "Siku hizi nina mawazo sana." Ukiisikia sentensi hiyo, usimjibu kwamba mawazo tunayo wote. Muulize: "Yanakusumbua zaidi saa ngapi, usiku au mchana?" Umeshaingia kwenye mazungumzo, na hakuna aliyetaja ugonjwa.

Hatua ya 2: Ujue unapambana na unyanyapaa upi

Upo wa watu: kuchekwa, kukimbiwa, kukataliwa mchumba au kazi. Upo wa taasisi: dirisha la dawa lenye maandishi makubwa ya "wagonjwa wa akili", mhudumu anayetaja ugonjwa wa mtu kwa sauti mbele ya foleni nzima. Huu wa taasisi dawa yake ni malalamiko ya maandishi yenye siku, saa na jambo lililotokea, pamoja na pendekezo linalotekelezeka. Kubadilisha bango la dirisha ni kazi ya saa moja.

Upo pia unaoishi ndani ya mgonjwa mwenyewe, na huu ndio ninaouogopa zaidi. Mtu ameyasikia maneno ya watu muda mrefu hadi yamekuwa sauti yake: mimi ni dhaifu, mimi ni mzigo, hata nikitibiwa nitabaki hivihivi, sasa nihangaike kwa nini? Mtu wa namna hii humsaidii kwa vipeperushi. Husaidika akipata ushahidi mdogomdogo wa kinyume chake. Muombe ushauri wa jambo analolijua. Mpe kazi ndogo ambayo kweli unaihitaji, siyo ya kumpumbaza. Mkutanishe na mtu aliyepita njia hiyohiyo na sasa anaendelea na maisha yake.

Na unyanyapaa huwarukia walio karibu. Mama huambiwa kamlea mtoto vibaya; ndugu huogopa kwamba dada zao hawataolewa. Familia inayomficha mgonjwa chumba cha nyuma kwa kawaida imeshajeruhiwa na maneno ya nje. Ukiwaendea kwa karipio watafunga mlango zaidi. Waendee kwa swali: "Mmebeba hili peke yenu kwa muda gani?"

Kuna hoja moja inayopendwa na watoa elimu: kwamba ugonjwa wa akili ni ugonjwa wa ubongo tu, kama ugonjwa mwingine wowote. Nia yake ni njema, na kweli hupunguza lawama. Tafiti hata hivyo zimeonyesha kwamba maelezo hayo yakisimama peke yake yanaweza kuongeza hofu, kwa kuwa msikilizaji huondoka akidhani mgonjwa ameumbwa tofauti na hawezi kupona. Eleza kwa upana. Urithi wa familia unahusika, mwili unahusika, misiba, umaskini, ukatili na pombe vinahusika. Kisha, kila mara, eleza kwamba watu hupata nafuu. Habari ya kupona ndiyo inayomvuta mtu kuelekea kwenye matibabu.

Ukikutana na hofu ya vurugu, ijibu waziwazi. Watu wengi wenye magonjwa ya akili hawamdhuru mtu yeyote, na wao wenyewe hudhuriwa mara nyingi zaidi ya wanavyodhuru.

Hatua ya 3: Jifunze cha kuangalia, uache kubashiri jina la ugonjwa

Kazi yako ni kuona mabadiliko. Jina la ugonjwa atalitoa mwenye taaluma.

Huzuni ni sehemu ya maisha. Kinachotakiwa kukushtua ni hali inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi na kuanza kula maisha ya mtu: usingizi umepotea au umezidi, hamu ya kula imebadilika, mambo aliyoyapenda hayamgusi tena, anajilaumu kupita kiasi, anashindwa kazi alizokuwa akizimudu. Kwa wanaume mara nyingi huonekana kama hasira, ukimya au pombe iliyoongezeka. Kwa watoto na vijana huonekana kama utoro, kushuka ghafla darasani, maumivu ya tumbo yasiyo na sababu.

Kundi jingine la dalili ni kusikia au kuona visivyokuwepo, kuamini kwa uhakika mkubwa kwamba anafuatwa au anawekewa sumu, kuzungumza bila mpangilio, au kukaa siku kadhaa bila kulala huku akiwa na nguvu na mipango ya ajabu. Hapa usisubiri wiki mbili. Mama aliyejifungua hivi karibuni akianza kuchanganyikiwa, kutolala kabisa au kusema mambo ya kutisha kuhusu mtoto, ni dharura ya siku hiyohiyo. Hali hiyo ni nadra, inatibika, na kuchelewa ni hatari kwa wote wawili.

Mkumbuke na mwili. Tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, upungufu wa damu, baadhi ya maambukizi, kifafa na hata baadhi ya dawa vinaweza kuleta dalili zinazofanana na za ugonjwa wa akili. Mtu akichanganyikiwa ghafla huku ana homa, kimbilieni hospitali kwanza, kabla ya kuipa hali hiyo jina lingine lolote. Hii pia ni hoja nzuri kwa anayeona aibu: "Twende wakupime mwili mzima, tujue tatizo liko wapi." Na ni kweli, watampima.

Hatua ya 4: Fungua mazungumzo

Usiitishe kikao cha ukoo. Mtu aliyezungukwa na ndugu kumi hajisikii kupendwa, anajisikia kushtakiwa. Chagua wakati mkiwa wawili na mikono ina kazi: mnatembea, mnafua, mko safarini. Mkikaa ubavu kwa ubavu maneno magumu hutoka kirahisi kuliko mkitazamana uso kwa uso.

Anza na ulichokiona kwa macho, bila hukumu. "Nimeona taa yako inawaka hadi alfajiri karibu kila siku, na mazoezini umeacha kuja. Nimekuwa nikikufikiria. Hali ikoje?" Linganisha na "Siku hizi umekuwaje wewe?" Swali hili la pili linamtaka ajitetee.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, na mimi nilishindwa mara nyingi kwa dada yangu: ukimya wa sekunde tano ulinitisha, nikaujaza na ushauri. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Akijibu "niko sawa" kwa sauti isiyo sawa, usimbane. Sema, "Sawa. Hata usipokuwa sawa, mimi nipo. Nitakuuliza tena," na kweli umuulize tena baada ya siku mbili tatu. Watu wengi hufunguka mara ya tatu.

Kuna maneno yanayosemwa kwa mapenzi na yanaumiza: jikaze, mbona una kila kitu, wenzako wana matatizo makubwa zaidi, mwanaume halii. Yote yanamfundisha jambo moja, kwamba akisema ukweli atashindanishwa na wengine. Badala yake rudia alichosema kwa maneno yako, ili ajue kimefika: "Kwa hiyo tangu msiba, asubuhi ndiyo ngumu kuliko saa zote."

Akikuambia anasikia sauti au kuna watu wanamfuatilia, usibishane naye na wala usikubaliane naye. Shika hisia yake: "Mimi siisikii hiyo sauti, lakini naona inakutisha. Hilo lazima linachosha." Kumcheka hapo, hata kwa tabasamu, kunaweza kuufunga mlango kwa mwaka mzima.

Akikuomba siri, mwahidi kwa uaminifu: "Sitamwambia mtu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini. Na hata hapo nitakuambia wewe kwanza." Ahadi ya namna hiyo inaweza kutunzwa.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu kujiua, kwa jina lake

Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Hofu kubwa ya familia ni kwamba ukiuliza utampandikizia wazo. Tafiti hazikuonyesha hivyo. Mtu aliyebeba wazo hilo mara nyingi hupumua kwa kuwa hatimaye kuna aliyelitaja. Usizungukezunguke. "Mtu akiwa na maumivu kama haya, wakati mwingine hufikiria kujiua. Wewe unafikiria hivyo?"

Akisema ndiyo, usipige kelele na usimhutubie kuhusu dhambi au aibu ya familia. Muulize kama amefikiria namna, kama ana kitu cha kutumia, kama amepanga lini. Kadiri mpango ulivyo kamili ndivyo hatari ilivyo karibu. Usimwache peke yake. Ondoa nyumbani, au funga mahali asipoweza kufika, dawa za wadudu, dawa za hospitali zilizolundikana, silaha na chochote alichokitaja. Hili huonekana dogo, lakini mara nyingi dakika za hatari kali ni chache na hupita, na kitu kikiwa mbali zinaweza kupita akiwa hai. Mpeleke hospitali yenye huduma ya dharura, au piga namba ya dharura ya mahali mlipo.

Katika baadhi ya nchi kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na familia huficha kwa kuogopa polisi. Msicheleweshe matibabu kwa hofu hiyo. Mwelezeni daktari ukweli wa alichokunywa au alichofanya, kwa sababu tiba inategemea ukweli huo.

Na kama anayesoma ni wewe mwenyewe uliye katika hali hiyo, acha kusoma kwanza. Mpigie mtu mmoja na umwambie maneno haya: "Usiniache peke yangu leo." Huhitaji kumweleza zaidi ya hapo.

Hatua ya 6: Msindikize

"Nenda hospitali" ni sentensi fupi yenye kazi nyingi ndani yake. Aende ipi? Siku gani? Aseme nini dirishani? Mtu mwenye sonona kuvaa viatu tu ni kazi. Mwondolee kazi hizo moja baada ya nyingine.

Si lazima muanzie hospitali kubwa ya magonjwa ya akili. Muuguzi au daktari wa kawaida wa kituo cha afya kilicho karibu anaweza kumsikiliza, kumpima, mara nyingi kuanza matibabu, na kumpa rufaa ikihitajika. Kwa wengi kuingia kituo ambacho watu huenda kwa malaria na chanjo kunapunguza aibu nusu nzima. Piga simu au pita wewe mwenyewe siku moja kabla: kliniki ni siku gani, saa ngapi, inahitaji barua au kitambulisho, malipo yakoje. Muulize pia kama angependa kuonwa na mwanamke au mwanaume.

Andikeni pamoja karatasi moja, kwa sababu mbele ya daktari watu husahau au huona haya:

1. Dalili zilianza lini, na kipindi hicho kulitokea nini.
2. Usingizi, chakula, kazi na mahusiano yakoje sasa.
3. Dawa anazotumia, pombe na vilevi vingine, bila kupunguza ukweli.
4. Magonjwa mengine aliyonayo, na kama ndugu yeyote amewahi kuumwa hivyo.
5. Jambo analoliogopa zaidi kuhusu kutibiwa.

Hilo la tano ndilo ninalolithamini kuliko yote. Dada yangu aliandika: "Naogopa nitafungiwa." Daktari alilisoma, akalijibu kabla ya jambo lingine lolote, na mabega ya dada yakashuka. Basi mweleze na mtu wako mapema yatakayotokea: ataulizwa kuhusu usingizi, sauti, pombe, mawazo ya kujidhuru, huenda akapimwa shinikizo la damu na damu, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mkifika, mwache aongee mwenyewe. Muulize kama anataka uingie naye au ukae nje, na ukae utakapoambiwa. Akitoka usimrukie na "Kasema una nini?" Muulize, "Amekusikiliza vizuri?" Kama hakusikilizwa, kama alidharauliwa, mwambie waziwazi kwamba alistahili zaidi ya hapo na kwamba mtatafuta mwingine. Mhudumu mmoja mkali asiwe neno la mwisho.

Kabla hamjaondoka, chukueni tarehe ya kurudi na uiandike kwenye simu yako wewe pia. Watu wengi hupotea kati ya ziara ya kwanza na ya pili, wakati dawa zimeanza kusumbua na nafuu haijaja. Kama una nguvu za kusindikiza mara moja tu, ningependa iwe mara ya pili.

Hatua ya 7: Zungumzeni kuhusu dawa bila hofu na bila uongo

Si kila anayeumwa hupewa dawa. Kwa sonona na wasiwasi wa kiwango cha chini, tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia au mshauri aliyefunzwa mara nyingi hutosha, na huchukua vikao kadhaa. Kikao cha kwanza huenda kikawa cha kulia tu.

Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, ilhali maudhi yake huja siku za mwanzo: kichefuchefu, kichwa kuuma, wasiwasi. Bila kuambiwa hivyo mtu huacha siku ya tano akiamini zimemharibu. Katika wiki hizo za mwanzo kaeni naye karibu, hasa akiwa kijana, na mawazo ya kujiua yakiongezeka mrudisheni hospitali mara moja. Dawa hizi hazileti uraibu kama watu wanavyodhani, lakini zisikatishwe ghafla. Huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Baadhi ya dawa za usingizi na za kutuliza ndizo zinazoweza kuleta utegemezi zikitumika muda mrefu, kwa hiyo ulizeni ni za siku ngapi. Dawa za saikosisi, yaani hali ya kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo, zinaweza kuongeza uzito, kuleta usingizi, kutetemesha mikono. Na baadhi ya dawa hupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanandoa hulibeba kimya hadi dawa zinatupwa chooni. Mwambieni daktari. Mara nyingi kipo cha kubadilisha.

Akikataa

Kukataa leo si kukataa milele. Muulize anachokiogopa, na usikilize kama vile hujawahi kusikia jibu hilo. Punguza ukubwa wa hatua: badala ya hospitali, simu moja kwa mshauri, badala ya "kutibiwa akili", kwenda kuonwa kwa ajili ya usingizi unaomtesa.

Usimhadae. Dawa zilizofichwa kwenye chakula na safari za "twende kumsalimia shangazi" zinazoishia wodini humaliza imani ambayo mtaihitaji kwa miaka. Kumlazimisha mtu kuna nafasi yake pale tu maisha yanapokuwa hatarini, kwa kufuata sheria na kwa mikono ya wataalamu. Kamba na minyororo haitibu chochote. Ukikuta familia imemfunga mtu, jua kwamba kwa kawaida wamefika hapo baada ya kukosa msaada. Mlete mhudumu wa afya nyumbani, kwa sababu laana yako haitamfungua mgonjwa.

Wapo watakaosema wanataka maombi kwanza. Usipingane na imani ya mtu. Nenda kwa kiongozi wake wa dini kabla yake, umuombe aseme mbele ya waumini, siku ambayo mgonjwa huyo hatajwi, kwamba kumeza dawa si upungufu wa imani. Sentensi hiyo ikitoka kwake ina uzito ambao yako haina.

Kubadilisha kundi zima

Mwaka 2022 tume ya jarida la kitabibu la Lancet, iliyochunguza unyanyapaa wa magonjwa ya akili duniani, ilihitimisha kwamba njia yenye nguvu kuliko zote ni watu kukutana na wale walioishi na magonjwa hayo. Mhadhara pekee huwapa watu maarifa. Moyo wao hugeuka wanapomwona fundi anayewatengenezea pikipiki akisimama na kusema, "Mimi nilikuwa wodini, na leo nipo."

Ukiandaa kikao kama hicho, mtunze msemaji kabla ya kuwatunza wasikilizaji. Awe amechagua mwenyewe, awe ametulia muda wa kutosha, na ajue kwamba anaweza kughairi hata asubuhi ya siku yenyewe. Mkubaliane maswali asiyotaka kuulizwa. Hadithi yake isiishie kwenye siku mbaya kuliko zote. Ifike kwenye nani alimsaidia, alikwenda wapi, aliambiwa nini. Mlipe, kama mnavyomlipa msemaji mwingine yeyote. Mpigie simu kesho yake, maana kuusimulia ugonjwa hadharani huacha uchovu. Na chumbani awepo mhudumu wa afya anayetaja siku na saa za kliniki, kwa kuwa yupo msikilizaji aliyeguswa ambaye akikosa pa kwenda jioni ile atapoa. Rudieni. Kikao kimoja hufifia. Mkitaka kujua kama mmefaulu, msihesabu viti vilivyojaa. Muulizeni muuguzi ni wangapi wapya waliofika mwezi uliofuata.

Kazini mambo ni rahisi kuliko yanavyofanywa: ruhusa ya kliniki ipewe kama ya kliniki nyingine yoyote, na sababu ijulikane na watu wachache kabisa. Shuleni, mwalimu mmoja anayejulikana kuwa hatangazi siri za wanafunzi ana faida kubwa kuliko wiki nzima ya mabango.

Mtandaoni, usimrekodi mtu aliyezidiwa barabarani. Video hiyo itamsubiri siku atakapopona na kutafuta kazi. Ukiandika kuhusu aliyejiua, usieleze namna alivyofanya, usiweke picha ya mahali wala barua aliyoiacha, na usiseme chanzo kilikuwa kimoja. Maelezo ya namna hiyo huweza kuwasukuma wengine walio ukingoni. Andika mahali ambapo msaada unapatikana, na simulia ya waliopita hapo wakabaki hai.

Siku anaporudi

Familia hujiandaa kumpeleka mtu hospitali na kusahau kujiandaa kumpokea. Anarudi nyumba imejaa macho. Kila mtu anapunguza sauti, visu vimefichwa, wageni wanakuja "kumwona". Kama daktari hajasema hatari bado ipo, rudisheni nyumba ilivyokuwa. Wageni wawe wachache, na waje na habari za kawaida. Mpeni tena majukumu yake kidogokidogo, fedha zake, simu yake, nafasi yake ya kukaa. Mkae naye siku moja akiwa mzima na muandike pamoja: dalili zangu za mwanzo huwa hizi, zikianza mpigieni huyu, hospitali ninayoikubali ni hii, na kitu ambacho sitaki kabisa mnifanyie ni hiki. Karatasi hiyo huwa na thamani kubwa siku ambayo hataweza kujisemea.

Halafu kuna hili, ambalo dada yangu alinifundisha kwa ukali kidogo. Kila alipokasirika tulimuuliza kama amekunywa dawa. Alipocheka sana tulitazamana. Siku moja alivunja sahani kwa bahati mbaya, akatukuta wote tumesimama kimya tunamkodolea macho, akasema: "Sahani imeteleza. Nileteeni ufagio." Mama akauleta, na hakuna aliyeuliza kitu kingine.